Zeze Lililotaka Mate

Bilha hakuwa mtu wa kinyaa. Hilo lijulikane kwanza. Miaka kumi na minne aliyokaa hapa Bladensburg, Amerika, ameitumia kutunza wazee wa watu: amewaogesha, amewabadilisha nepi, amewasafisha vidonda vya mgongoni ambavyo mwingine angevisikia harufu tu akatafuta dirisha. Akitoka kazini ananawa, anapasha githeri yake ya mahindi na maharagwe, anakula mpaka anakomba sahani. "Mwili ni mwili," alikuwa akisema. "Ukiogopa uchafu wa mtu, umemwogopa mtu mwenyewe."

Jumamosi yenyewe ilianza kama Jumamosi zote. Alipeleka nguo kwenye mashine za chini ya jengo, akamsuka binti yake Abigail, msichana wa miaka kumi na mitano, huku wakigombana kwa upole, mama kwa Kiswahili na mtoto kwa Kiingereza. Kisha akashika barabara ya Kenilworth kuelekea Greenbelt. Alikuwa anaenda kujifunza kupiga wandindi.

Wandindi ni zeze la Wakikuyu. Kigoma kidogo kilichowambwa ngozi, mpini, waya mmoja, na uta wa nyuzi za katani wa kuusugua waya huo mpaka ulie. Baba yake Bilha, Mzee Phineas, alilipiga kule Kangema, Kenya, tangu ujana wake, na watu wa Kangema wana mpigo wao. Wengine hukimbiza. Wa Kangema huvuta. Uta unakwenda polepole, halafu unakatika kidogo, kama mtu aliyekabwa na neno kooni, halafu unaendelea. Wenyewe husema, mpigo wote unaweza kuigwa, ila ule mkatiko lazima ufundishwe.

Mzee Phineas alikufa mwaka uliopita, mwezi wa nne. Bilha hakwenda kumzika kwa sababu makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa hayajatoka. Aliyatazama mazishi ya babake kwenye simu, amesimama chooni kazini, na jeneza lilipofika nusu ya kaburi picha ikaganda. Siku ile aliapa. Ukifika mwaka mmoja, atafanya ibada ya kumbukumbu hapa kwenye ukumbi wa kanisa, nyumbani wataiangalia kwa video, na yeye kwa mkono wake atapiga wimbo wa babake, ule wa kuingiza mbuzi wa mahari langoni. Hakuwa amelishika zeze hata siku moja. Miezi mitatu ilikuwa imebaki.

Alipolisema hilo kanisani, Serah wa Greenbelt alimvuta kando.

"Mama Abby, wandindi ya Kangema? Si baba yangu Mzee Kuria ni wa huko huko! Njoo. Njoo hata kesho." Akamkumbatia Bilha kwa nguvu, kwa muda mrefu, mpaka Bilha akacheka kwa aibu.

Basi siku hiyo Serah alimfungulia mlango akiwa amevaa glavu za mpira. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema.

Harufu ndiyo iliyompokea. Bilha alizijua harufu za wazee zote, lakini hii hakuijua. Ilikuwa kama chupa ya mtoto iliyosahaulika na maziwa ndani ya gari, wakati wa kiangazi. Mzee Kuria alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mtu mrefu aliyebaki mifupa, taulo shingoni. Taulo lilikuwa limelowa chapachapa. Kinywa chake hakikufungika. Mate yalimjaa, yakamwagika, mazito, yanavutika kama ute wa yai, na kila yalipomwagika mengine yalikuwa yamekwisha kujaa.

Serah akamwekea chai mezani, akarudi jikoni haraka, akaziba masikio kwa vile vidude vya muziki.

"Wewe ni wa Phineas," mzee akanong'ona. "Una vidole vyake."

Akalichukua zeze. Kabla ya kupiga, akaupitisha uta kinywani, kuanzia ncha hadi ncha, polepole, kama mtu anayekula hindi la kuchoma. Nyuzi zikatoka zinang'aa. Akapiga. Na jamani, lilikuwa lenyewe. Lilikuwa lango la kwao, mbuzi, vumbi, babake akitikisa kichwa. Bilha akatokwa na machozi.

Mzee akaupitisha uta kinywani tena. Kisha akamnyooshea.

"Na wewe ulowanishe."

Bilha aliutazama. Uzi mmoja wa mate ulikuwa umening'inia, haukatiki. Kinyaa kilimpanda, mara ya kwanza kwa miaka kumi na minne. Lakini alikumbuka kwao. Watoto walikuwa wakipigishwa magoti mbele ya wazee, wazee wakiwatemea vifuani, pu, pu, na ole wake mtoto aliyejipangusa. Nyanyake aliwahi kumfinya sikio: "Mate ya mzee ni baraka. Unapangusa baraka?" Sasa yeye, mwanamke mzima wa Kangema, aje aone kinyaa mbele ya mzee wa Kangema, kwa sababu amekaa Amerika?

Akafumba macho. Akautia kinywani.

Ulikuwa wa vuguvugu. Ulikuwa na chumvi, na ugoro, na kitu kingine kilichokaa nyuma ya ulimi kikakataa kuondoka.

"Vizuri," mzee akasema. "Sasa vuta. Ukifika kwenye mkatiko, mate yakijaa, meza."

"Nimeze?"

"Hapa kuna kapeti za watu, mwanangu. Utatema wapi? Meza. Mkatiko ndio huo."

Akavuta. Akameza. Na mkatiko ukatoka sawasawa, mara ya kwanza.

Jumamosi ya pili mzee akamwazima zeze aende nalo nyumbani, na akili ya Bilha ikafunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Jambo la mwaka alilishika kwa wiki. Alifurahi. Nani asingefurahi? Mkono ulikuwa wa babake kabisa.

Ila kinywa chake kilikuwa kimeanza kujaa.

Kwanza ilikuwa asubuhi tu, mto umelowa. Baadaye ikawa kwenye foleni dukani, kwenye gari, akiomba dua. Alikuwa anameza, kinajaa, anameza. Chakula kikapoteza ladha. Githeri ikawa ugoro. Chai ikawa ugoro. Bibi mmoja Mzungu aliyekuwa akimtunza, kipofu, mpole sana, alimgeuzia uso pembeni akiogeshwa. "Bilha," akasema, "ni nani huyu mwanaume anayetafuna tumbako uliyekuja naye?"

Kule Greenbelt, mambo yalikwenda kinyume. Jumamosi ya sita, taulo la Mzee Kuria lilikuwa limelowa pembeni tu. Ya nane, alifunga kinywa mwenyewe. Ya kumi, taulo lilikuwa limekunjwa juu ya mkono wa kiti, kavu, na Serah alikuwa anampa babake uji.

Bila glavu.

Jioni moja Bilha alikuwa anakatakata sukuma wiki, redio imewashwa, zeze liko chumbani. Abigail akamwangalia kutoka mezani.

"Mum, you're doing it again."

"Nafanya nini?"

Msichana akagusa koo lake. "That. It's gross."

Bilha akajigusa. Koo lilikuwa linapanda na kushuka. Linapanda, linashuka, kwa mwendo wa wimbo. Na yeye hakuwa anameza.

Siku iliyofuata alitoka kazini saa tisa mchana. Kwenye ngazi akausikia wimbo wa babake. Abigail alikuwa na fidla ya shule, alikuwa akipiga kwenye bendi yao, na Bilha alisimama nje ya mlango wa chumba akitabasamu. Mtoto asiyetaka hata kusalimia shosho, nyanya yake, kwa Kikuyu, leo anapiga Kangema!

Wimbo ukafika kwenye mkatiko.

Kimya.

Kisha, ndani ya chumba, sauti ya kumeza. Nzito. Ya majimaji.

Bilha akasukuma mlango. Abigail alikuwa ameketi kitandani. Kidevu chake kilikuwa kinang'aa. Zeze la Mzee Kuria lilikuwa karibu naye, na nyuzi za uta wake zilikuwa zimelowa.

"I just picked it up," msichana akasema. Akajipangusa kwa mkono. Mate yakavutika kutoka kidevuni hadi kwenye mkono, yasikatike.

Bilha alifungia zeze kabatini. Akaingia garini, akafunga vioo, akamrekodia mamake aliyeko Kangema ujumbe wa sauti. Akaeleza yote: uta, mate, mzee, kumeza, mtoto. Ujumbe uliorudi ulikuwa wa dakika saba. Shosho Wairimu hakujua kuongea kwa simu bila kupiga kelele.

"Kumeza? Nani amekwambia umeze? Bilha, umerogwa ukiwa macho! Baba yako alikuwa anatema! Kila mkatiko, pu! Miaka thelathini na tisa nimefagia mate ya mwanaume yule na majivu. Nilimwita fisi mbele ya wakwe. Unajua alinijibu nini? Aliniambia, 'Mama Bilha, zeze hili linaniletea vya waliokufa. Nikivitema vinapita. Nikivimeza vinakaa.' Huyo Kuria wako tunamjua. Alikuwa mtu msafi sana, wa viatu vya kung'aa, aliona haya kutema mbele ya wasichana. Akameza. Anayemeza hafi, mwanangu. Anaoza na hafi, mpaka apate wa kumwachia. Na wewe umempata wa kumwachia, si ndiyo? Ndiye huyo mjukuu wangu."

Akasikika akivuta pumzi.

"Sasa sikiliza. Kupiga kwenye bafu hakufai. Huko nani anakuona? Kitu hicho kimelala chini ya haya ya mtu. Utapiga wimbo wote, mbele ya watu, wale unaowaonea haya zaidi ya wote. Na kila mkatiko uteme. Wakikutukana, tema. Wakilia, tema. Ukimeza mpaka mwisho, basi mtoto ndiye atakayekizaa."

Bilha hakurudi nyumbani. Alienda moja kwa moja Greenbelt. Serah alikuwa ameketi kitandani akimchana babake nywele, mikono mitupu, analia na kutabasamu. Mzee Kuria alikuwa amelala chali. Midomo yake ilikuwa imekauka ikapasuka kama udongo wa ukame.

"Nimekauka, mwanangu," akamnong'onezea Bilha. "Tazama. Asante."

"Ulijua," Bilha akamwambia Serah.

"Miaka ishirini na miwili, Mama Abby." Serah hakuinua macho. "Madaktari walisema wiki mbili, miaka ishirini na miwili iliyopita. Kila siku anataka kunipa mimi. Kila siku ananyoosha ule uta. Ningefanya nini?"

"Mimi nina mtoto!"

"Basi usimfundishe."

Mzee Kuria alikufa Jumanne, saa sita mchana, akiwa mkavu na msafi kama shuka jipya. Watu waliokwenda kumtazama walisema hawajaona maiti yenye amani namna hiyo.

Ibada ya Mzee Phineas ilikuwa Jumamosi. Ukumbi wa kanisa ulijaa. Kulikuwa na mukimo, pilau, chapati za Mama Pasta, na keki iliyochorwa uso wa marehemu. Kapeti ilikuwa mpya, rangi ya maziwa, waumini waliichangia mwaka mzima na kila mtu aliingia amejifuta viatu mara mbili. Kwenye skrini kubwa ukutani walionekana wa Kangema, kaka zake Bilha wamevaa suti, na mbele yao Shosho Wairimu amejifunika blanketi, uso karibu mno na kamera.

Abigail alikaa mstari wa kwanza. Alikuwa ameshika leso kinywani tangu asubuhi.

Bilha aliketi, akaweka zeze pajani. Hakuulowanisha uta. Ulikuwa umelowa wenyewe.

Akavuta. Ukumbi ukatulia. Wanawake wakaanza kutikisa vichwa, mwanaume mmoja wa Murang'a akasema "Haiya!" kwa furaha. Ukaja mkatiko wa kwanza. Kinywa cha Bilha kilikuwa kimejaa pomoni. Akaitazama kapeti. Akamtazama Mama Pasta, aliyekuwa akimtabasamia, mikono kifuani.

Akameza.

Mbele yake, koo la Abigail likashuka pamoja na lake.

Msichana alitoa leso. Akatabasamu. Halikuwa tabasamu la mtoto. Midomo ilivutika upande mmoja, kizee, ikibakiza meno nje, na mate yakaanza kumchirizika taratibu kwenye gauni jeupe.

Mkatiko wa pili ukaja. Bilha akageuza kichwa.

Akatema.

Yalianguka kwenye kapeti kwa kishindo kidogo, paa, kama yai. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Alivuta uta tena. Mkatiko wa tatu, akatema. Yalikuwa ya kahawia.

"Dada Bilha," Pasta akanong'ona, akisogea. "Dada Bilha, hapana. Hapana, dada."

Akatema. Mwanamke wa nyuma alitapika kwenye sahani yake. Kaka yake Bilha kwenye skrini alikuwa akipunga mikono, anafoka, ananyamazishwa na mtandao. Mtu akasema, "Amelewa." Mtu akasema, "Kwa ibada ya babake, shetani huyu!" Uso wa Bilha ulikuwa unawaka. Alitaka ardhi ipasuke. Machozi yalimtoka, kamasi zikamtoka, zote zikaanguka kwenye zeze. Mkono ukavuta. Akatema. Yalikuwa na nyuzi ndani, nyuzi za kijivu, ndefu, na nyingine zilibaki zimeshikilia kooni ikabidi azivute kwa vidole huku watu wakipiga mayowe.

"Tema!" Sauti ya kizee ikapasua spika. Shosho Wairimu alikuwa amesimama, blanketi limemwanguka, anapiga meza kwa viganja. "Tema, Bilha! Hivyo! Baba yako huyo! Tema!"

Mkatiko wa mwisho.

Kitu kilipanda. Bilha alikisikia kikishika pembe za koo lake, kikijivuta nyuma, laini, chenye nguvu, kama mtoto asiyetaka kutolewa kwenye maji ya moto. Hakuweza kupumua. Akapiga magoti. Mikono miwili ikaendelea na uta. Akatoa sauti ambayo waliokuwepo hawapendi kuisimulia.

Kikatoka.

Waliokaa mbele wanasema kilifanana na ini la kuku. Wengine wanasema kilifanana na ulimi. Kilianguka kwenye kapeti. Kikageuka upande mmoja. Kikageuka upande wa pili. Kisha kikalala bapa, kikazama ndani ya zile nyuzi za rangi ya maziwa, mpaka pakabaki doa la maji tu.

Abigail alianguka mikononi mwa mamake akilia, kinywa kikavu, akisema "Mami, Mami," neno ambalo hakuwa amelitamka tangu akiwa darasa la kwanza.

Wimbo wa Mzee Phineas ulikuwa umekwisha. Hakuna aliyepiga makofi. Chapati hazikuliwa.

Haya, mambo mengine ni ya kawaida. Video ilizunguka. Kaka zake Bilha walimwambia asiwapigie tena. Mama Pasta alituma mtu amwambie apumzike kidogo kwenye kamati ya jikoni, na mpaka leo akipeleka chakula msibani, bakuli lake hurudi limejaa. Anajua. Anakula githeri yake mwenyewe mezani na Abigail, ina ladha ya githeri, na kwake hilo linatosha. Zeze alilichoma. Serah alihamia upande wa Springfield, hakuaga mtu.

Sasa kuna Manirakiza, Mrundi anayefanya usafi pale kanisani. Ni mtu wa kimya, hana urafiki na Bilha. Alhamisi moja mchana alibisha mlangoni kwake. Bilha akamkaribisha chai. Akakataa. Hata ndani hakuingia.

"Mama, miye si mutu wa maneno mingi," akasema. "Ile mahali pa kapeti haikauke. Nimepitisha mashini. Nimetia dawa. Pasta alikata kipande, akabandika kipya. Siku ya pili, maji."

"Pole sana," Bilha akasema.

"Leo nikachukua kitambala. Nikakikandamiza pale na mukono, nikingoja kinyonye maji." Manirakiza akatazama nyuma, kwenye ngazi. Sauti ikashuka. "Mama, ni chini ndiyo ilinyonya."

Akatoa kitambaa mfukoni, akamwonyesha. Pembe moja haikuwepo. Haikuwa imekatwa, wala haikuwa imechanika. Mahali pake palikuwa pamelainika, nyuzi zimelegea na kulala upande mmoja, bado za vuguvugu, kama nguo ambayo mtu ameitafuna kutwa nzima bila meno.